Serikali ikidhamini kampuni kubwa, deni hubaki la nani?

Kila Kenya Airways, lile shirika la ndege la Kenya tunaloliita KQ, ikitangaza matokeo ya mwaka mjadala ni uleule, watu wanauliza inakuwaje tiketi ni ghali hivi na bado kuna hasara, wengine wanasema iuzwe yaishe, wengine wanasema ile ni fahari ya nchi isiguswe, alafu wiki ikiisha kila mtu anarudi kwa shughuli zake. Mi naona kuna swali lingine halipewi muda. Pesa za umma zilizoingia pale ziliingia kwa njia gani, nani aliziidhinisha, na kampuni iliahidi nini ili izipate? Hilo ndo nataka tulifungue leo polepole, manake ukishaelewa ya KQ utaelewa pia kwa nini ni vigumu sana kuiuliza serikali maswali kuhusu pesa inazozipa kampuni kubwa, hapa kwetu na hata kwa wenzetu walioendelea.

Tukisikia neno ruzuku wengi wetu tunafikiria mbolea, unga, mafuta. Hizo zinaonekana. Bei ikishuka unaona dukani, ikipanda tena unaona, na waziri anaulizwa kwenye redio asubuhi. Ruzuku ya kampuni kubwa haiji hivyo. Inaweza kuwa msamaha wa ushuru kwa miaka 10, inaweza kuwa ardhi ya bei ya chini na barabara ya kufika hapo kiwandani, inaweza kuwa mkopo ambao baadaye unageuzwa hisa, na inaweza kuwa udhamini, yaani serikali inaweka sahihi kwamba kampuni ikishindwa kulipa deni basi yeye atalipa. Hii ya mwisho ndo ngumu kuiona kuliko zote kwa sababu siku inapotolewa hakuna shilingi hata moja inayotoka Hazina.

Yeyote aliyewahi kumdhamini mtu kwenye sacco anajua inavyokwenda. Siku ya kusaini fomu hujatoa kitu, mnakunywa chai mnaagana, na mpaka mwenzako aanze kuruka marejesho ndo unagundua akiba yako ilikuwa imeshikwa kitambo. Kwa serikali ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba akiba iliyoshikwa ni ya watu ambao hawakuulizwa.

Sasa KQ yenyewe. Ilianzishwa 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, na 1996 ikabinafsishwa, KLM, shirika la ndege la Uholanzi, wakachukua asilimia 26 na hisa nyingine zikauzwa kwa wananchi kupitia soko la hisa la Nairobi. Kwa miaka mingi ilisifiwa kama mfano wa ubinafsishaji uliofaulu Afrika na sifa hizo hazikuwa za bure, ilikuwa inapata faida kweli. Baadaye ikaja na mpango mkubwa wa kupanuka, ndege nyingi mpya, miji mingi mipya, ukaitwa Mradi Mawingu. Mwaka 2012 ikawaomba wenyehisa waongeze pesa, ilitafuta zaidi ya shilingi bilioni 20 ikapata kama bilioni 14 na nusu, lakini ndege zilikuwa zimeshaagizwa. Hapohapo utalii ukashuka kwa sababu ya mashambulizi ya kigaidi, Ebola ikafunga baadhi ya safari za Afrika Magharibi, na mikataba ya kujikinga na bei ya mafuta, yaani kufunga bei mapema ukihofia itapanda, ikageuka mzigo bei ilipoporomoka. Mwaka wa fedha wa 2014/15 hasara ilikuwa bilioni 25.7, uliofuata ikawa bilioni 26.2.

Kulikuwa na bahati mbaya ndani yake, sikatai. Lakini kuagiza ndege kabla ya kuwa na pesa ni uamuzi wa watu waliokaa mezani, na Seneti iliunda kamati 2015 kuchunguza mambo ya pale, wakahojiwa wakubwa na ripoti ikaandikwa. Ukiuliza leo kilichobadilika kwa sababu ya ripoti ile, mtu atakutajia mabosi wapya na mpango mpya. Atakayekutajia pesa iliyorudi sijamsikia.

2017 ndo mwaka wa kuangalia kwa makini. Deni lilikuwa limezidi, likapangwa upya lote. Mikopo ambayo serikali ilikuwa imeipa kampuni ikageuzwa hisa, na serikali ikatoka chini ya asilimia 30 ikafika asilimia 48.9. Mabenki 11 ya hapa nchini nayo yakageuza madeni yao kuwa hisa kupitia kampuni moja waliyoiunda kwa kazi hiyo, wakapata asilimia 38.1. KLM wakashuka mpaka 7.8. Wenyehisa wadogo, wale walimu na wastaafu walionunua 1996 na 2012, umiliki wao ukapunguzwa kwa asilimia 95. Na juu ya hayo yote serikali ikatoa udhamini wa dola milioni 750, ambapo milioni 525 ni za deni la ndege lililopitia Exim Bank, benki ya serikali ya Marekani ya kusaidia mauzo ya nje, na milioni 225 ni za mabenki ya hapahapa. Kwa bei ya dola ya wakati ule hiyo ni kama bilioni 77. Bunge liliipitisha mwaka huohuo, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi, nchi nzima iko kwenye mikutano ya kampeni.

Hebu tusimame kwenye ile asilimia 48.9. Sheria ya mashirika ya umma inaitambua kampuni kama shirika la serikali pale serikali inapomiliki hisa nyingi, yaani zaidi ya nusu. Ukiwa chini ya nusu kwa pointi moja na kidogo, KQ inabaki kampuni ya wenyehisa inayoendeshwa kwa sheria za makampuni. Kuna sababu za kibiashara za kukaa hapo na siwezi kuzidharau, shirika la ndege likisubiri kibali cha wizara kwa kila ununuzi halitashindana na Ethiopian Airlines. Ila matokeo yake kwa mwananchi ni kwamba hasara zinakuja kwake kama za shirika la umma, wakati mishahara ya wakubwa, mikataba ya kukodi ndege na makubaliano na washirika vinabaki siri ya biashara kama vya kampuni binafsi. Hapo ndo uwajibikaji unapotelea, na hauhitaji mtu kuiba ndo upotee.

Katiba yetu ya 2010 ililiona hili jambo mapema. Kipengele cha 214 kinasema deni la umma ni pamoja na mikopo ambayo serikali imeidhamini, kwa hiyo udhamini si kitu cha pembeni, ni deni letu kuanzia siku ya kwanza. Kipengele cha 213 kinaitaka serikali ndani ya miezi miwili baada ya mwaka wa fedha kuisha ichapishe ripoti ya udhamini wote iliotoa mwaka huo. Cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aseme kama pesa za umma zimetumika kisheria na kwa njia yenye tija, na kinamruhusu akague hesabu za chombo chochote kinachopewa pesa za umma. Alafu kuna sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, kifungu cha 58, inayomtaka waziri kabla ya kudhamini ajiridhishe kwamba mkopaji ana uwezo wa kulipa, na kama mkopaji ni wa sekta binafsi aweke mali ya kutosha kama dhamana.

Sasa soma hilo sharti la uwezo wa kulipa alafu kumbuka kampuni ilikuwa imetoka kupata hasara ya zaidi ya bilioni 50 ndani ya miaka miwili. Waziri alijiridhisha kwa kutumia nini? Kulikuwa na mpango wa biashara, na wataalamu waliouandika walitegemea makadirio ya abiria na ya bei ya mafuta, sawa. Mimi nadhani hayo makadirio yalipaswa kubandikwa kwenye mtandao wa Hazina siku ileile Bunge linapiga kura, ili kila mwaka tuyaweke kando ya matokeo halisi tuone tofauti. Hakuna siri ya biashara inayozidi haki ya mtu anayelipa kujua alipewa ahadi gani.

Na sababu nyingine inayofanya haya mambo yapite kimya ni ya kiutaratibu. Serikali ikianza kulipa deni ililodhamini, malipo yanatoka moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu, yaani akaunti kuu ya pesa za serikali, pamoja na madeni mengine ya taifa. Hayapigiwi kura kila mwaka kama pesa za hospitali au za barabara. Mbunge wako anaweza akapigania milioni 5 za zahanati kwenye kamati mpaka usiku, wakati mabilioni ya deni la kampuni yanapita bila hata kutajwa kwa sauti, kwa sababu uamuzi ulishafanywa miaka ya nyuma siku ya kusaini.

Na siku ya kulipa ilifika. Corona ilisimamisha ndege 2020, KQ ikashindwa kuendelea na marejesho ya lile deni la Exim, ikabidi Hazina ianze kulipa yenyewe. Sheria inasema pesa ambayo serikali imelipa kwa niaba ya mkopaji inageuka deni ambalo mkopaji anadaiwa na serikali. Kwenye karatasi basi hakuna kilichopotea. Lakini fikiria vizuri, kampuni imeshindwa kumlipa Mmarekani mwenye mkataba mgumu, itamlipa vipi serikali ambayo pia ndo mwenyehisa mkubwa zaidi na haiwezi kuifikisha mahakamani bila kujiumiza yenyewe? Madeni ya namna hii mara nyingi yanakaa vitabuni alafu yanageuzwa hisa, na ukigeuza deni kuwa hisa za kampuni yenye hasara, hiyo imeshakuwa ruzuku hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Kuna na hili la dola. Chukua zile dola milioni 525 kama hesabu tu. 2017 dola ilikuwa kama shilingi 103, hiyo ni bilioni 54. Mwisho wa 2023 dola ilikuwa imefika kama 157, dola zilezile zikawa bilioni 82. Ndo maana 2022 KQ ilitangaza hasara ya bilioni 38.3, sehemu kubwa ikiwa ni shilingi kushuka thamani, na ndo maana 2024 shilingi iliporudi nguvu ikatangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10. Watu walishangilia. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya bilioni 12 na kitu, Dreamliner kadhaa zilikuwa zimekaa chini bila kuruka. Nasema haya sio kuwavunja moyo wafanyakazi wa pale, wengi wanafanya kazi kwa bidii sana, ila ukitaka kujua kama pesa ya umma ilifanya kazi usiangalie mstari wa mwisho wa faida peke yake, unaweza kuwa unaangalia bei ya dola.

Na wale wenyehisa wadogo, Bunge lilipokubali 2019 kwamba kampuni itaifishwe, Julai 2020 biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Ule mpango wa kutaifisha ukakwama. Hisa zilikuja kurudi sokoni Januari 2025. Miaka minne na nusu mtu ana mali hawezi kuiuza, na hakuna ofisi aliyoweza kuiendea ikamjibu.

Kabla hujasema haya ni matatizo ya Afrika, twende Wisconsin, Marekani. Julai 2017, mwaka uleule wa udhamini wa KQ, kampuni ya Foxconn ya Taiwan, hawa wanaotengeneza simu za Apple, ilitangaza ikulu ya Washington kwamba itawekeza dola bilioni 10 kwenye kiwanda cha skrini na kuajiri watu 13,000. Gavana wa wakati ule, Scott Walker, akaahidi kifurushi cha karibu dola bilioni 3 kutoka jimboni. Na kitu ambacho wengi hawakukielewa ni kwamba Wisconsin ilikuwa tayari imewapunguzia wenye viwanda kodi mpaka karibu sifuri, kwa hiyo hizo nafuu za kodi zingelipwa kama pesa taslimu, hundi kutoka jimboni kwenda kwa kampuni. Ofisi ya bunge lao inayopiga hesabu za fedha ilikadiria kwamba jimbo lingerudisha pesa yake mwaka 2043 hivi, na hapo ni kama kila ahadi imetimizwa.

Hazikutimizwa. Kiwanda kikabadilishwa kikawa kidogo, alafu kikabadilishwa tena, ajira hazikuja. Lakini mkataba wa jimbo ulikuwa na kitu kimoja kizuri sana, pesa zilitakiwa kulipwa baada ya ajira kuhesabiwa. Mwisho wa 2018 kampuni ilitakiwa iwe na waajiriwa 260 wenye sifa, ilikuwa na 113, hundi haikutoka. Oktoba 2020 jimbo likakataa tena kulipa kwa mwaka uliofuata. Aprili 2021 gavana aliyefuata, Tony Evers, akaandika mkataba mpya, uwekezaji dola milioni 672, ajira 1,454, na nafuu ya kodi isiyozidi dola milioni 80. Kutoka karibu bilioni 3 mpaka milioni 80, na hakuna aliyelazimika kumfuata mtu mahakamani kumdai, kwa sababu pesa ilikuwa bado haijatoka.

Huko huko ukitazama kijiji cha Mount Pleasant kiwanda kilipojengwa unaona upande wa pili. Wao walikopa mapema, wakanunua ardhi, wakahamisha watu kwenye nyumba zao, wakatanua barabara na kuvuta maji, yote kabla ya ajira hata moja. Ahadi zilipoyeyuka mikopo ilibaki. Miaka ya mbele Microsoft wakaja kununua sehemu ya eneo lile kwa ajili ya vituo vya data na kijiji kikapata ahueni, nafurahi kwa ajili yao, ila hiyo ilikuwa bahati, haikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

Serikali mbili, kampuni moja, mradi mmoja. Iliyolipa baada ya kuhesabu ilibaki na pesa yake, iliyolipa kwanza ikabaki na deni. Kwangu mimi hii ndo tofauti kubwa kuliko zote kwenye suala zima, mpangilio wa nani anatangulia kutoa. Maneno mazito kwenye hotuba hayasaidii, hata kamati za uchunguzi zinakuja pesa imeshaondoka. Udhamini wa KQ ulitangulia, masharti ya kurekebisha kampuni yakaja nyuma, na hata IMF ilipoingia 2021 na mkopo wake ikaanza kuuliza habari za KQ, ilikuwa inauliza deni ambalo tayari ni letu. Mumias ni hivyohivyo, mabilioni yaliingizwa kunusuru kiwanda cha sukari na mkulima, alafu Septemba 2019 benki ya KCB iliyokuwa inaidai ikaweka mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa deni, akachukua usimamizi, na mkulima wa miwa bado alikuwa anadai malipo yake.

Upande wa ushuru napo tuna kifungu kizuri tusichokitumia. Kipengele cha 210 cha Katiba kinasema kila msamaha wa ushuru uwekewe rekodi ya wazi pamoja na sababu yake, na vyote viwili vipelekwe kwa Mkaguzi Mkuu. Kila msamaha, na sababu yake. Hazina siku hizi inachapisha ripoti ya ushuru uliosamehewa, na kwa mwaka 2023 ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 500. Tuwe wakweli, sehemu kubwa humo ni nafuu za VAT kwenye vitu kama vyakula, hizo zinamfikia mwananchi moja kwa moja na sitaki ziguswe. Lakini humohumo ndani kuna nafuu za makampuni, kwa mfano kampuni iliyo kwenye eneo maalum la kiuchumi inalipa ushuru wa mapato asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza badala ya 30 anayolipa mwenzake aliye nje ya uzio. Ripoti inakupa jumla kwa aina na kwa sekta. Kampuni gani imepata kiasi gani, na imeajiri wangapi, huoni.

Marekani nao walikuwa hivyo mpaka watu wakasumbua. Shirika moja la Washington linaloitwa Good Jobs First lilifungua mwaka 2010 hifadhi ya taarifa ambapo unaandika jina la kampuni unaona imepewa nini na jimbo gani, na 2015 bodi inayoweka kanuni za uhasibu za majimbo na miji ikatoka na kanuni ya kuwataka waandike kwenye hesabu zao kodi waliyoipoteza kwa mikataba na makampuni. Sio wote wanaifuata vizuri. Lakini mwandishi wa habari wa mji mdogo kule sasa ana pa kuanzia.

Kwetu pa kuanzia ni kipengele cha 35, haki ya kupata habari, na sheria yake ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Kwa KQ ningeiandikia Hazina niombe vitu vichache tu. Barua ya udhamini ya 2017 na masharti yake. Tathmini ambayo waziri aliitumia kuridhika kwamba kampuni italipa. Jumla ya pesa ambazo Hazina imelipa kwa niaba yake mpaka leo kwa dola na kwa shilingi, na karatasi inayoonyesha kampuni imekubali lini na kwa riba gani kuzirudisha. Serikali inasema inatafuta mwekezaji mkubwa wa kuingia KQ, na huyo mwekezaji atakaa na mawakili wake ataonyeshwa karatasi hizi zote kabla hajatoa hata senti. Sisi tuliotoa kwanza tunataka kuonyeshwa zilezile, na tunataka zitoke kabla mkataba wake haujasainiwa, manake baada ya hapo kila swali litajibiwa kwamba linaingilia siri za mwekezaji.